Kuondoa kadre ya dirisha kwenye mlango wa motokari ya zamani



Somo letu la leo halitoki shimoni wala kwenye usine. Linatoka uani, nyuma ya nyumba, hapa Kapolowe, siku ya Mungu mchana, saa mtu anapofikiri kwamba amepumzika. Katika miaka yangu ya dispanseri nimeona jambo moja ambalo linanisumbua. Mtu yule yule ambaye kazini havui miwani yake, kwa sababu kapita anamwangalia, akifika kwake anakata chuma akiwa na kaptula na babushi, watoto wamemzunguka kama wanatazama mpira.

Nitawaeleza habari ya kijana mmoja. Jina lake silisemi, na wale wanaomjua wanyamaze.

Mzee mmoja wa pensheni alinunua Land Cruiser ya zamani, ya ile aina ya 40 ambayo Toyota ilitengeneza kutoka mwaka 1960 mpaka mwaka 1984. Alitaka kubeba samaki wa ziwa Tshangalele na kuwapeleka sokoni Likasi. Motere ilikuwa bado na nguvu, lakini milango ilikuwa migonjwa. Kadre za madirisha, maana yake chuma kile kinachozunguka kioo, zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye miguu yake. Kila mvua ikinyesha, maji yaliingia ndani ya mlango na kukaa humo. Mzee akasema: nitaondoa kadre, nitatengeneza pale palipooza, kisha nitairudisha. Wazo lilikuwa zuri. Akamwita mwipwa wake, kijana wa miaka 19, aje amsaidie.

Siku ile umeme ulikuwa umekatika. Wakachukua nyundo na patasi ya chuma. Patasi yenyewe ilikuwa ya siku nyingi, kichwa chake kilikuwa kimefunguka na kupasuka pande zote kama uyoga. Kijana akapiga mara tatu, mara nne. Akasikia kitu kimemgusa jicho la kushoto.

“Mjomba, kuna kitu kimeniingia.”

“Pangusa, mwipwa wangu. Tuendelee, mvua inakuja.”

Simlaumu mzee. Alikuwa amefanya kazi na chuma maisha yake yote, na vitu kama hivyo vilimgusa mara nyingi bila kumdhuru. Kijana akapangusa jicho. Mke wa mjomba akamletea maji, akanawa. Maumivu yakapungua, wakaendelea na kazi mpaka jioni. Usiku jirani akaja na kijiti cha kiberiti kilichofungwa pamba, akageuza kope, akatafuta, hakuona kitu. Akasema: kimekwisha kutoka. Siku ya kwanza asubuhi kijana aliona ukungu kidogo. Siku ya pili ukungu ukawa mzito, ndipo akaja kwangu.

Nilipomwangalia kwa tochi, niliona mboni ya jicho, ile nyeusi ya katikati, haikuwa mviringo tena. Ilivutwa upande mmoja kama tone la maji linalotaka kuanguka. Pembeni yake palikuwa na alama ndogo kuliko punje ya mtama. Sikugusa. Nilifunika jicho na kitako cha kikombe cha karatasi, nikaandika barua, akapelekwa Likasi na kutoka hapo kwa munganga wa macho Lubumbashi. Picha ilionyesha kipande cha chuma ndani kabisa ya jicho. Kilitolewa. Lakini leo jicho lile linaona mwanga na kivuli cha mkono tu.

Kwa nini hakuumia sana?

Hilo ndilo swali ambalo mama yake aliniuliza, na ni swali zuri. Vumbi likikwaruza uso wa jicho, linauma sana, machozi yanatiririka, mtu hawezi kulifungua. Uso ule wa mbele una mishipa mingi ya kusikia maumivu. Kipande kidogo kinachoruka kutoka kwenye nyundo na patasi ni jambo lingine. Kinaenda kwa mbio kubwa, kina makali, kinapita ule uso mara moja na kuingia ndani, na tundu linaweza kujifunga lenyewe nyuma yake. Huko ndani maumivu si mengi. Ndiyo sababu mtu anafikiri kwamba kitu kimetoka, kumbe kimeingia.

Na chuma kikibaki ndani hakilali. Kinashika kutu kama kadre ya mlango inavyoshika kutu, na sumu ya kutu ile inaua polepole sehemu ya jicho inayopokea mwanga. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Pamoja na hayo, mikrobu iliyoingia nacho inaweza kuozesha jicho lote kwa siku mbili au tatu.

Basi shikeni kanuni hii, ninyi na wamama: kama chuma kilikuwa kinapiga chuma, na kitu kikagusa jicho, tunahesabu kwamba kimeingia ndani mpaka munganga aseme hapana. Hata kama hakiumi. Hata kama mtu anaona vizuri.

Kabla ya kukata, tazama

Sasa turudi kwenye mlango. Mimi si fundi wa garaji, lakini nimekaa na mafundi wengi nikiwafunga vidonda, na mtu anayefungwa kidonda anaongea. Wote wazuri wananiambia neno moja: kazi ya kuondoa kadre inaanza kwa macho, nyundo inakuja nyuma.

Paka mafuta kidogo, kwaruza rangi kwenye mguu wa kadre, pale inapoingia mlangoni, na utazame imeshikwa na nini. Kama kuna vichwa vya buloni, hakuna cha kukata. Mtu mmoja wa hapa alikata kwa msumeno kadre za Land Rover ya zamani, ile ya Series ambayo Waingereza walitengeneza kutoka mwaka 1948 mpaka mwaka 1985. Alijikata kidole mpaka mfupa. Katika motokari zile sehemu ya juu ya mlango imefungwa kwa buloni, unafungua kwa ufunguo na unainua juu kama kifuniko cha sufuria. Nilikuwa ninamshona huku ninauma midomo nisicheke. Land Rover za baadaye, zile 90 na 110, zilikuja kuwa na mlango wa kipande kimoja. Hapo ni habari nyingine.

Kama hakuna buloni, utaona moja ya haya matatu. Vishimo vidogo vya mviringo vilivyopangwa mstari, hiyo ni sudure ya nukta ya kiwandani: mabati mawili yamebanwa na kuyeyushwa pamoja mahali padogo padogo. Au utaona mstari ulioinuka kama mnyoo, hiyo ni sudure ya umeme au ya gazi, mara nyingi kazi ya fundi aliyekutangulia. Au utaona rangi ya njano, hiyo ni shaba ya njano iliyoyeyushwa.

Sudure ya nukta haihitaji nyundo wala moto. Unapiga alama ndogo katikati ya kila nukta, kisha unachukua mashini ya kutoboa na meshi ya milimita 8, unatoboa bati la juu tu. Bati la chini unaliacha. Ukimaliza nukta zote, kadre inaachia yenyewe, labda kwa kusukumwa kidogo na bisibisi pana. Umeme ukikosekana, mashini ya mkono ya kuzungusha inafanya kazi ile ile. Inachosha bega, basi. Mwipwa wa yule mzee angeweza kufanya hivyo siku ile ile bila umeme.

Mstari wa sudure unakatwa na msumeno wa chuma. Ni kazi ya pole, lakini msumeno wa mkono haurushi vipande usoni. Patasi iwe ya mwisho, na ikiwa lazima, kwanza usage kichwa chake mpaka uyoga wote uishe. Patasi yenye uyoga ni kama bunduki ambayo hujui imeelekea wapi.

Neno moja juu ya glavu. Kwa kushika bati lililokatwa, vaa glavu za ngozi. Kwa mashini ya kutoboa, zivue. Meshi inashika kitambaa cha glavu na kuvuta kidole pamoja nacho, na mashini haijui kidole ni nini. Mlango nao uubane kwa jiliwa au uufunge kwa nguvu. Usiombe mtoto aushike.

Toa mlango, uupeleke mbali na motokari

Watu wengi wanakata kadre mlango ukiwa bado unaning'inia mahali pake, kwa sababu ni rahisi. Wandugu, hapa nisikilizeni vizuri. Katika Land Cruiser nyingi za zamani zile, tanki ya esansi iko ndani ya kabini, chini ya kiti cha abiria. Katika Land Rover fupi ya Series nayo tanki iko chini ya kiti cha mbele. Maana yake, ukikata mlangoni, cheche zinaanguka karibu kabisa na tanki, juu ya kiti cha sponji na zulia lililolowa mafuta ya miaka 40. Cheche za kukata chuma zinaweza kuruka mita 10 na zaidi zikiwa bado na moto.

Kwa hiyo fungua bawaba, mtoe mlango watu wawili, mwuweke mbali na motokari na mbali na jiko la makala. Uulaze juu ya mbao au mifuko ya mchanga. Msiulaze juu ya pipa la mafuta, hata kama ni tupu. Nasema hata kama ni tupu, kwa sababu pipa tupu lina mvuke wa esansi ndani, na mvuke ule ndio unaolipuka. Pipa lililojaa mpaka juu lina nafasi ndogo ya mvuke kuliko lile mnaloliita tupu.

Toa kioo kwanza, na mipira yake, na karatasi ngumu ya ndani ya mlango. Kioo cha pembeni cha motokari kwa kawaida kimepikwa ili kivunjike punje punje. Moto wa sudure ukikigusa kinaweza kupasuka chote mara moja. Angalieni pia mashini ya kupandisha kioo, ina springi kali ambayo ikiachia inapiga vidole. Kabla ya kuondoa kadre, pima mlango kutoka kona mpaka kona na uandike, na ufunge kipande cha chuma kushikilia upana wake. Bila kadre mlango unalegea, na ukijipinda hautafunga tena sawasawa. Mlango usiofunga vizuri kwenye barabara ya Likasi, na mama amekaa pembeni na mtoto mapajani, ni jambo la afya pia.

Weka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu. Kazi ikiisha, mtu mmoja abaki pale saa nzima akitazama. Moto wa sponji unalala kwanza, halafu unaamka watu wakiwa mezani wanakula bukari.

Diskezi

Diskezi, ile mashini ya kusaga na kukata kwa diski, inafanya kwa dakika tano kazi ambayo msumeno unafanya kwa saa moja. Ndiyo sababu inapendwa, na ndiyo sababu inanipa kazi.

Soma namba zilizoandikwa kwenye diski. Ile ndogo ya milimita 115 kwa kawaida imeandikwa mizunguko 13300 kwa dakika, ni mwisho wake. Ile kubwa ya milimita 230 imeandikwa karibu 6600 tu. Sasa mtu anatoa kifuniko cha mashini ndogo, anafunga diski kubwa ili akate ndani zaidi. Mashini ndogo inazunguka karibu mara 11000. Diski imepewa mbio karibu mara mbili ya zile inazoweza. Inapasuka, na vipande vyake vinaenda kwenye uso na shingo. Kidonda cha namna hiyo nilikiona mara moja, sitaki kukiona mara ya pili. Kifuniko kibaki mahali pake siku zote.

Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna tarehe ya mwisho. Gundi inayoshika diski inazeeka, hasa ikilowa. Diski ya kukata msiitumie kwa kusaga kwa ubavu. Na iliyoanguka sakafuni ikapata ufa, tupeni. Bei ya diski ni ndogo.

Miwani iwe ya kufunga pande zote, na kwa diskezi uongeze ngao ya uso mzima. Miwani ya kusomea haitoshi. Miwani ya jua haitoshi. Kufumba jicho moja, kama nilivyoona watu wanafanya, ni kuchagua jicho gani litapotea. Anayeshika mlango naye avae, maana cheche haziulizi nani ni fundi na nani ni msaidizi.

Jicho la sudure

Kadre ikishatengenezwa inarudishwa kwa sudure, na hapo tunapata wagonjwa wa usiku. Mtu anasudu mchana, anakula vizuri, analala. Saa sita, saa nane au hata saa kumi na mbili baada ya kazi anaamka, macho yanawaka kama yamejazwa mchanga na pilipili, hawezi kuvumilia hata mwanga wa mshumaa. Mwanga wa sudure umemchoma uso wa jicho, kama jua linavyochoma ngozi. Mara nyingi linapona kwa siku moja au mbili: giza, kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, paracetamol. Aje dispanseri asubuhi ili tuhakikishe kwamba hakuna kipande cha chuma kilichojificha nyuma ya maumivu hayo. Wengine wananiomba dawa ile ya matone inayoua maumivu mara moja, waende nayo nyumbani. Siwapi. Ukiitumia siku nzima, jicho halisikii kitu na kidonda hakiponi.

Kioo cha kofia ya sudure ya umeme kiwe namba 10 au 11. Na watoto, wamama, ndio wanaotazama zaidi kwa sababu mwanga ule ni mzuri kama nyota. Baba akianza kusudu, waiteni ndani, au tundikeni blanketi zito mbali kidogo na moto ili wasione.

Homa inayofanana na malaria

Jambo hili watu wengi hawalijui. Vyuma vingine vya motokari vimepakwa zenki visipate kutu, na Land Rover za zamani zina vyuma vingi vya namna hiyo. Ni zenki ile ile inayochimbwa Kipushi. Ukiipiga moto wa sudure au wa gazi, inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye, mara nyingi jioni au usiku, unapata baridi, kutetemeka, homa, kichwa kinauma, mdomo una ladha ya chuma au ya sukari. Asubuhi ya pili unatoka jasho na inakwisha.

Mtu anasema: ni malaria. Anameza dawa, kesho amepona, anasema dawa ni nzuri. Siku ya Mungu nyingine anasudu tena, anaugua tena. Nilikuwa na mgonjwa aliyemeza dawa za malaria mara tatu kwa miezi miwili, na damu yake haikuwa na malaria hata mara moja. Kwa hiyo ukija na homa, uniambie kama ulisudu. Damu tutapima hata hivyo, maana huku kwetu mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kinga yake ni kusaga zenki itoke kabla ya kusudu, kufanya kazi nje, na kusimama upepo ukitoka nyuma au ubavuni kwako, moshi usipite puani. Maziwa mnayosema yanasafisha kifua hayafiki kifuani. Yanaenda tumboni. Kunyweni kwa sababu ni chakula kizuri, lakini msihesabu kwamba ni kinga.

Vumbi la rangi na watoto

Rangi za motokari za zamani nyingi zilikuwa na plombo, na mafundi wa zamani walijaza maungio ya bodi kwa bati lililochanganywa na plombo. Ukisaga, vumbi lake linaanguka uani, pale mtoto anapotambaa na mama anapoanika unga wa mihogo. Mtu mzima plombo inamletea maumivu ya tumbo, uchovu, upungufu wa damu. Mtoto inamharibu ubongo, anachelewa kuelewa masomo, na hakuna kiasi ambacho tunaweza kusema hakimdhuru. Shirika la Afya la Dunia linasema hivyo hivyo.

Lowesha rangi kabla ya kuikwaruza, tumia kikwaruzi cha mkono kuliko diskezi, tandika mfuko mkubwa chini, kisha ukusanye vumbi lote ulifunge. Usilichome. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, wala si pamoja na nepi za mtoto. Na fundi anawe mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kuwasha sigara.

Kitu kikiingia jichoni: nyumbani tufanye nini?

Kama ni vumbi la kawaida, lililoletwa na upepo: maji safi mengi, ukimwaga polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15. Usisugue. Kama bado unasikia kitu, njoo siku ile ile. Punje ya chuma iliyonasa juu ya jicho inaacha pete ya kutu kwa muda mfupi, na kesho ni ngumu kuitoa kuliko leo.

Kama ni nyundo na chuma, au diski iliyopasuka: usioshe, usibonyeze, usitie dawa wala mafuta. Chukua kitako cha kikombe cha karatasi, au kata kitako cha chupa laini ya plastiki na ufunike makali yake kwa kitambaa, ukiweke juu ya jicho kikae kwenye mifupa ya pembeni bila kugusa jicho lenyewe, kisha ukishike kwa plasta. Mgonjwa akae ameinua kichwa, asile, maana huenda watampasua. Mwende usiku ule ule. Msingoje siku ya kwanza.

Wamama, ninajua mnavyofanya kwa upendo. Maziwa ya titi, majani yaliyopondwa, maji ya ndimu, ulimi wa bibi mzee mwenye mkono mwepesi. Vyote hivyo vinapeleka mikrobu ndani ya tundu ambalo huwezi kuliona. Kijiti cha kiberiti kibaki kwa kuwasha moto.

Makali na vipande vilivyobaki

Kadre ikitoka, mlango unabaki na makali kama wembe upande wa juu. Yapigwe tupa siku ile ile, au yafunikwe kwa mpira uliopasuliwa, kama kazi itaendelea wiki nyingine. Vile vipande vyenye kutu visibaki kwenye majani pembeni ya choo. Mtu akikatwa, hata kidogo, aoshe kwa maji na sabuni na aje tutazame kadi yake ya chanjo ya tetanosi. Wanaume wengi hawajachomwa sindano ile tangu utoto, wake zao wamechomwa kila walipokuwa na mimba.

Yule mzee alimaliza milango yake baadaye kwa mashini ya kutoboa, akiwa na mtoto wake mkubwa. Motokari inatembea, samaki wanafika Likasi. Mwipwa anapanda pamoja naye kuhesabu makarato, anakaa upande wa dirisha ili jicho lake zima lione barabara.

Anayetaka kufanya kazi ya namna hii siku ya Mungu aje dispanseri siku ya posho kabla ya saa sita mchana. Tuna miwani minne ya kufunga, tunaazimisha, unaandika jina lako katika buku. Ukiirudisha imekwaruzika hatutagombana.